Bao la Peter Tino

Wadau, jana jioni nilikuwa kijiweni Mtoni kwa Aziz Ali, kahawa mkononi, ubishi wa Simba na Yanga umepamba moto. Mzee muuza kahawa akauliza: "Nani kati yenu anamjua Peter Tino?" Kijiwe kizima kikaitikia, mpaka dogo mmoja wa sekondari!

Mpira wenyewe ulipigwa Ndola, Zambia, Agosti 1979. Taifa Stars ilishashinda 1-0 Dar. Kule Zambia wakatangulia, muda ukayoyoma, Tino akasawazisha. Tukaenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 1980, tukarudi na sare moja tu, dhidi ya Ivory Coast. Haikumpunguzia kitu Tino. Halafu tukasota miaka 39. Machi 2019 tulipoifunga Uganda 3-0 nilikuwa bado mwanafunzi, na mtaani kwetu wazee hawakuanza na Msuva, walianza na Tino.

Mimi bao hilo sijaliona. Nilisimuliwa na marehemu baba, aliyelisikia redioni akiwa mtoto, amekaa miguuni kwa babu. Kila aliposimulia, Tino alipiga shuti kutoka mbali zaidi. Mwisho ilikuwa karibu na katikati ya uwanja, na mama anacheka jikoni.

Jana mzee akaanza kusimulia. Lake ni la karibu na goli kabisa. Nilitaka kumkatiza, nikasema aah, nikaongeza kikombe.