Mgeni na Umugeni: Ujana wa Ukimbizini katika Makazi ya Mpanda

Shina -geni linapatikana katika Kiswahili na katika Kirundi, lakini halikuzaa maana ileile. Mgeni kwa Mswahili ni mtu aliyetoka kwingine, awe amealikwa au amejitokea tu. Umugeni kwa Mrundi ni bibi harusi. Yaelekea kwamba hapa maana imefinyika: miongoni mwa wote wanaoweza kuingia nyumbani kutoka nje, Kirundi kimemteua yule anayekuja kukaa. Tofauti hii ingeweza kubaki kuwa mfano wa darasani, kama si kwamba katika makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, katika iliyokuwa wilaya ya Mpanda, maelfu ya vijana walikulia baina ya maana hizo mbili.

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi, hasa Wahutu, wakavuka mpaka na kuingia Tanzania. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Makazi ya tatu, Ulyankulu, yako Tabora. Wakimbizi walipewa ardhi porini, wakafyeka, wakalima, na baada ya muda mazao yao yakawa yanalisha masoko ya wenyeji.

Kijana aliyezaliwa humo hakuwa na Burundi ya kukumbuka. Kirundi alikipata kwa mama. Kiswahili alikipata shuleni, kwa mtaala uleule wa Tanzania, pamoja na ramani iliyoonyesha nchi ambayo haikuwa yake kisheria. Jioni zake hazikuwa na tofauti kubwa na za kijana wa Mpanda mjini: mpira, baiskeli ya kuazima, mazoezi ya kwaya ambako wavulana na wasichana waliweza kuonana bila kuulizwa mengi. Kuhusu kwaya hapana budi kusema zaidi, kwa kuwa huko ndiko vijana wa makazi walikosikika kwanza na wenyeji wao. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu iliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zimesikika mbali sana na makazi hayo, katika nyumba za watu ambao pengine hawakujua kwamba waimbaji walitoka ukimbizini. Hata uchumba ulifuata njia zinazofahamika: mshenga, wazee, majadiliano marefu juu ya ng'ombe au fedha badala ya ng'ombe. Kinachoitwa inkwano huku, huitwa mahari kule.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba ufanano huu unatokana na asili moja ya Kibantu. Hoja hiyo haitoshi. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Mishamo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake Purity and Exile mwaka 1995, alikuta watu wa asili moja wakijieleza kwa namna mbili. Wa Mishamo walijiona kuwa taifa lililo uhamishoni, wakasimulia historia yao kwa uangalifu mkubwa. Wa Kigoma walichanganyika na wenyeji, wakabadili utambulisho wao kadiri maisha yalivyodai. Damu ilikuwa moja, mahali palitofautiana. Hata hivyo hoja ya Malkki nayo inahitaji nyongeza. Wasimulizi wengi wa Mishamo walikuwa na milima ya kuikumbuka. Mtoto aliyekaa pembeni akisikiliza aliirithi simulizi, kisha asubuhi akaenda shule, akacheza, akatania kwa Kiswahili. Aliweza kuwa na vyote viwili.

Tofauti ilijitokeza barabarani. Sheria ilimtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke nje ya makazi. Vijana wawili wangeweza kuelekea Mpanda mjini kwa baiskeli moja, wakizungumza lugha moja na kucheka mzaha mmoja, mpaka waulizwe karatasi. Hapo mmoja wao akawa mgeni, na si kwa maana ya Kirundi.

Mwaka 2007 wakimbizi hao, wapatao 218,000 katika makazi yote matatu, walitakiwa kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Takriban asilimia 80 walichagua uraia. Uchaguzi huo ulipita katikati ya familia: mzee aliyetaka kuzikwa kwenye kilima chake, na mwanawe aliyekijua kilima hicho kwa masimulizi tu. Maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikubaliwa kufikia mwaka 2010, lakini vyeti vilizuiliwa, kwani mpango wa awali uliwataka raia hao wapya waondoke katika makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawakuwa na cha kuuthibitisha. Katika kipindi hicho cha kungoja, mwaka 2012, ulizaliwa mkoa mpya wa Katavi, makao makuu yake yakiwa Mpanda. Mkoa ulipata hati zake kabla ya wakulima wake.

Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Aliyezaliwa Katumba mwaka ilipofunguliwa alikuwa na umri wa miaka 41, na huenda alikwisha kuketi kama mzee katika majadiliano ya mahari ya binti yake.