Wikendi za mijakaranda na mtoto wa gorofa ya nne

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Msemo huu, msomaji, niliusikia tangu utotoni, lakini maana yake kamili niliipata mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, kijana wetu alipojikwaa kwenye kizingiti cha jikoni na kuangua kilio. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipoanguka, nikapiga magoti na kunyosha mikono. Alinipita kama mtu anayepita nguzo ya stima, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, ambako yaya alikuwa amesimama na mfuko wake tayari kwa safari, akamkumbatia miguu.

Yaya aliona haya. "Usijali Mama, ni kuzoea tu," akaniambia. Naam, ni kuzoea. Lakini siku hiyo nzima sikuonja chakula kikaniingia.

Wewe unayeishi mjini unajua mambo yalivyo. Baba yake na mimi hutoka nyumbani kwetu Umoja kabla ya kupambazuka ili tuwahi matatu, na tunaporudi usiku tayari mtoto amelala. Siku tano hupita hivyo. Jumamosi asubuhi yaya huenda kumwona mama yake na kurudi Jumapili jioni. Kwa hivyo, kila Jumamosi mtoto huyu alikuwa akikabidhiwa wageni wawili, na wageni hao ndio wazazi wake!

Na wikendi zenyewe hazikuwa zetu. Leo kuna harusi ya binamu, kesho mchango wa matanga, keshokutwa mkutano wa chama. Mtoto tulimbeba kama kifurushi, kutoka kiti kimoja cha plastiki hadi kingine, akilia na kulala, akilala na kulia.

Basi tukaketi, mimi na mwenzangu, tukakata shauri. Saa za asubuhi za Jumamosi, hadi saa saba mchana, zitakuwa za mtoto. Baada ya hapo, anayetutaka kwa harusi au harambee atatupata. Tukachagua majuma manne, kuanzia mwisho wa Septemba hadi Oktoba.

Majira hayo hatukuyachagua ovyo. Wazungu wana majira yao ya machipuko baada ya theluji kuyeyuka. Sisi wa Nairobi tuna majuma haya machache, kipupwe kikiwa kimekwisha na mvua za vuli hazijaanza. Lile wingu zito la Julai na Agosti huondoka, jua hurudi, na mijakaranda huchanua rangi ya zambarau kote jijini. Mti huu asili yake ni Marekani ya Kusini, lakini leo ungedhani ulizaliwa hapa. Maua yake huanguka na kutandaza njia kama zulia, na mtoto mdogo hahitaji kiingilio ili kuyaokota.

ALIYEOGOPA NYASI

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Arboretum, ile bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, kama kilomita tatu kutoka katikati ya jiji. Bustani hii ilianzishwa mwaka wa 1907. Wakati huo reli ilikuwa imefika Nairobi miaka minane tu iliyokuwa imepita, na magari ya moshi yalikula kuni bila kushiba. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni inayoweza kukua haraka hapa ili ipandwe kwa wingi. Waliotaka kuni wamekwenda zao, miti imebaki, na leo kuna zaidi ya aina 300.

Nilimvua kijana wetu viatu, nikamweka chini kwenye nyasi. Msomaji, amini usiamini, alikunja miguu yote miwili juu kama ndege anayetua, akaniganda shingoni akipiga mayowe. Nilijaribu mara ya pili, mambo yakawa yale yale. Ndipo baba yake aliponiangalia akasema polepole, "Huyu hajawahi kukanyaga nyasi."

Nilitafakari nikaona ni kweli. Tangu azaliwe, alikuwa ametembea juu ya saruji ya gorofa ya nne, ngazi za saruji, na ua wa saruji wenye kamba za kuanikia nguo. Mimi niliyekua nikichuma mapera na kuchezea matope nilikuwa nimemlea mtoto asiyeijua ardhi.

Hatukumlazimisha. Tulitandika leso, tukamketisha katikati, tukanywa chai ya thamosi. Huku na huku watu walikuwa wakitembea na kusali kwa sauti chini ya miti, na wanafunzi walikuwa wakipiga picha. Baada ya nusu saa hivi, ua moja la mjakaranda lilianguka kando ya leso. Alilitazama. Akanyosha mkono, hakulifikia. Akaweka goti moja kwenye nyasi, akalirudisha, akaliweka tena. Alipolishika lile ua alilitia mdomoni, nami nikalitoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yetu yote siku hiyo: hatua mbili kutoka kwenye leso. Miti 300 hatukuiona.

MKATE WA KIMA

Jumamosi ya pili ilikuwa ya City Park, kule Parklands, kando ya barabara ya Limuru. Wakazi wa zamani wa Nairobi wanaijua vyema. Humo amelala Joseph Murumbi, makamu wa pili wa Rais wa nchi hii, na karibu naye rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka wa 1965. Nilikuwa nimepanga kumweleza mwenzangu historia hiyo yote tukitembea taratibu.

Kima wa City Park walikuwa na mipango yao. Mara tu nilipofungua kikapu, mmoja alishuka mtini bila haraka, akachukua mkate wetu mzima, akapanda nao juu na kuanza kuumega huku akitutazama. Nilikasirika, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mlo wetu. Lakini kijana wetu alicheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimepata kukisikia. Alikuwa akikitoa nyumbani mchana, bila shaka, mimi nikiwa kazini.

Nakuonya, basi: chakula kiwe ndani ya chombo chenye kifuniko, na usimpe kima chochote hata akikuangalia kwa huruma. Anayelishwa leo kesho hupora, na meno yake si ya mchezo. Sisi tulirudi mjini tukiwa na njaa, tukala chapati na maharagwe kwa mama mmoja kibandani, na kufikia saa nane tulikuwa kwenye mkutano wa chama. Mtoto alilala mapajani mwa baba yake mkutano mzima, asilie hata mara moja.

NDOVU ALIYEKATAA KULA

Jumamosi ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulikwenda kwenye kituo cha ndovu mayatima cha Sheldrick, kilichomo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Matatu za Ongata Rongai hupita kwenye barabara ya Magadi karibu na lango. Wageni huruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita, na ni lazima uweke nafasi mapema. Kituo kilianzishwa na Daphne Sheldrick mwaka wa 1977, baada ya kufiwa na mumewe David, aliyekuwa mlinzi mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki.

Ndovu wachanga walikuja wakikimbia kwa mstari, masikio yakipepea, kila mmoja akijua chupa yake ya maziwa. Walezi wao ni wanaume waliovaa makoti ya kijani. Hawa huwanyonyesha wadogo kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na hulala nao bandani. Ndovu mchanga hawezi kuyamudu maziwa ya ng'ombe. Ilimchukua Daphne Sheldrick miaka mingi kupata mchanganyiko unaofaa, na siri mojawapo ilikuwa mafuta ya nazi.

Lakini jambo lililonigusa ni jingine. Miaka ya nyuma, kabla ya kituo kuwako, mama huyu alimlea ndovu mchanga kwa jina Aisha, akawa naye kila saa. Kisha ikambidi asafiri kwenda harusi ya binti yake. Aisha alidhani ameachwa. Alikataa kula, akadhoofika, akafa. Tangu hapo walezi hupokezana. Mlezi anayelala na ndovu huyu leo, kesho atalala na mwingine, ili mtoto ajue kwamba familia yake ni watu wengi, na mmoja akiondoka wengine wapo.

Nilisimama pale kando ya kamba, mwanangu mgongoni, nikahesabu watu wa familia yake. Nilimpata mmoja: yaya. Na yaya alikuwa amekwisha kunidokezea kwamba mwezi wa Januari angependa kwenda kusomea ushonaji. Nilikuwa nimelichukua jambo hilo kama shida ya kutafuta mfanyakazi mwingine. Sasa nikaliona lilivyokuwa hasa.

Njiani tukirudi, ndani ya matatu yenye kelele, nilimweleza mwenzangu. Alikaa kimya hadi tulipofika mjini. Kisha akasema, "Nitakuwa nikimwogesha mimi kila Jumapili jioni, na asubuhi kabla ya kazi nitamwamsha hata kama ni kwa dakika kumi." Ametimiza ahadi hiyo, ingawa kwa mara za kwanza maji yalijaa hadi sebuleni.

MSITU WA KARURA

Jumamosi ya nne tulikwenda Karura, tukiingia kwa lango la barabara ya Limuru. Msitu huu una zaidi ya hekta 1,000, una maporomoko ya maji, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Vijana hukodi baiskeli, familia hutandika shuka, na hewa ni safi kiasi cha kukufanya usahau kwamba uko Nairobi.

Usisahau pia kwamba msitu huu ulikuwa karibu kutuponyoka. Katika miaka ya tisini, sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti pale, wakashambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Hakunyamaza. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na akafariki mwaka wa 2011. Mtoto wa gorofa ya nne hana shamba wala ua wenye nyasi. Uwanja wake ni huu uliotetewa na watu wengine kwa damu yao.

Hatukufika kwenye maporomoko. Umbali ni kilomita kadhaa, na kijana wetu aliona msururu wa siafu wakivuka njia. Alichuchumaa kuwatazama, nasi tukachuchumaa naye, kwa umbali wa kutosha. Watu walitupita wakienda na kurudi. Kisha akainuka ghafla, akakimbia. Nasema akakimbia, msomaji, kwa miguu mitupu, juu ya nyasi, hadi akajikwaa kwenye mzizi na kuanguka kifudifudi.

Nilipiga magoti, nikanyosha mikono. Aliinuka akilia, akanitazama, akanipita, akaenda kwa baba yake!

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye naye, baada ya kufutwa pua, alirudi kwangu kunionyesha goti lililochubuka. Tayari tulikuwa wawili.

KABLA HUJATOKA

Ikiwa unapanga kumtoa wako, nina machache ya kukuachia. Toka mapema, kwa maana mtoto mdogo akichoka hakuna bustani itakayomfurahisha. Malango mengi siku hizi hupokea ada kwa njia ya simu, kwa hivyo weka pesa humo kabla ya kutoka nyumbani. Beba maji kwenye chupa ya kudumu, kwani chupa za plastiki za kutupwa zilipigwa marufuku katika misitu na mbuga zetu tangu Juni 2020. Leso ibebe daima: ni mkeka, ni mbeleko, ni taulo. Na ukipanga kuona mambo kumi, jiandae kuona moja, kwa sababu anayeongoza safari hii ana urefu wa goti lako.

Vuli ilianza juma lililofuata, na maua yaliyobaki yakasombwa kwenye mitaro. Jumamosi za mvua tulizitumia kuruka madimbwi hapo chini ya gorofa, majirani wakitushangaa.

Januari yaya alikwenda chuoni, tukamsindikiza sote hadi stejini. Kijana wetu alimtafuta kwa siku tatu, akifungua mlango wa chumba chake na kuufunga. Usiku wa kwanza alilia sana. Lakini alikula.