Swali Moja Lililozimisha Seva

Walimu wengi wa somo la kompyuta hufundisha hifadhidata kwa jedwali la wanafunzi kumi. Sisi nasi tulifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na kila amri tuliyoiandika ubaoni ilijibiwa papo hapo. Hapana budi tukiri kwamba jedwali la watu kumi huficha makosa ya mwulizaji. Jambo hili tulilisoma vitabuni, lakini tulilielewa hapa Miembeni, na aliyelipia gharama ya somo letu alikuwa mwanachuo mmoja.

Tulikuwa na kompyuta moja ya seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, iliyotumia Linux na MySQL. Humo tulikusanya mahudhurio ya shule kadhaa za Bukoba na Muleba kwa ajili ya mafunzo. Mwanafunzi mmoja kwa siku moja ni mstari mmoja. Wanafunzi 20,000 kwa siku 190 za masomo huleta mistari 3,800,000 kwa mwaka; kwa miaka mitatu ni 11,400,000.

Kila Jumatatu saa nne asubuhi kundi moja lilikuja kufanya mazoezi. Ilipofika Septemba, seva ilizimika saa hiyo hiyo kwa majuma matatu mfululizo, kisha ikajiwasha yenyewe. Kwanza tuliulaumu umeme, maana mvua za Bukoba zimetuzoesha kufikiri hivyo. Lakini taa zilikuwa zikiwaka. Juma la tatu tulimkuta kijana mmoja kwenye kibodi.

"Mkufunzi, nilikuwa nasoma jedwali la majina ya shule tu," alisema.

Jedwali hilo halikuwa na mistari hata mia. Hatukumsikiliza. Tulimkaripia mbele ya wenzake, tukamkataza kuigusa mashine ile.

Kisha tukatenda kosa la pili. MySQL hujitengea sehemu ya kumbukumbu ili kuhifadhi kurasa za majedwali. Tuliiongeza sehemu hiyo kutoka gigabaiti 1 hadi 3, tukidhani tunaisaidia. Jumatatu iliyofuata seva ilizimika mapema zaidi, na kijana hakuwepo.

Hapo ndipo tulipofungua madaftari ya matukio, kazi iliyostahili kuwa ya kwanza. Daftari la MySQL halikutaja kosa lolote: maandishi yalikatika ghafla, kisha zikafuata habari za kuwashwa upya. Jibu lilikuwa katika daftari la Linux. Kumbukumbu ilikwisha, na kiini cha mfumo kikaiua programu moja ili mashine nzima isikwame. Mwalimu na aizingatie kanuni yake: kwa kawaida kiini huichagua programu inayoshika kumbukumbu nyingi kuliko zote, hata kama siyo iliyoimaliza. MySQL ndiyo iliyokuwa kubwa, na sisi tulikuwa tumeikuza zaidi kwa mikono yetu. Iliyomaliza kumbukumbu ilikuwa programu ya Python tuliyoiandika wenyewe, iliyotayarisha ripoti ya mahudhurio kila Jumatatu saa nne.

Programu hiyo iliomba mistari yote ya mwaka, ikaipokea kwa mpigo mmoja, ndipo ikaanza kuihesabu. Ni sawa na kumwagiza mchukuzi wa ghala la kahawa alete magunia yote mezani ili karani apate kuhesabu magunia ya juma moja. Januari mistari ilikuwa michache, kwa hiyo ripoti ilitoka bila taabu. Kila juma mzigo ukaongezeka. Tena, tulipoiuliza MySQL kwa amri ya EXPLAIN itatafutaje, ilionyesha kwamba ingelipitia jedwali zima, ijapokuwa tarehe zilikuwa na faharasa. Tulikuwa tumeitia safuwima ya tarehe ndani ya amri ya kutoa mwaka. Faharasa ilipangwa kwa tarehe kamili. Haikuweza kusaidia mahali ambapo kila tarehe ilipaswa kugeuzwa kwanza.

Tuliliandika swali upya. Sasa tunataja tarehe ya Jumatatu na ya Ijumaa zenyewe, na tunaiachia MySQL ijumlishe kwa kila shule, hata inayorudi ni mistari michache tu. Sehemu ya kumbukumbu tuliirudisha kwenye gigabaiti 1. Pale inapolazimu kuchukua mistari mingi, huchukuliwa 5,000 kwa zamu, programu ikikumbuka namba ya mwisho iliyoifikia. Kuiamuru MySQL iruke mistari milioni si nafuu, kwani hiyo inayorukwa nayo husomwa.

Siku hizi somo hili tunalifundisha kwa jedwali la mistari milioni tuliyoitunga wenyewe, na mwanachuo haruhusiwi kutamka sababu yoyote kabla ya kusoma daftari la matukio kwa sauti. Wengine huliona sharti hili la kitoto.

Kijana yule tulimwomba radhi darasani, mbele ya wale wale waliosikia karipio. Alijibu, "Yamekwisha, Mkufunzi." Tulipomwalika awasomee wenzake daftari la siku ile, alisoma vizuri sana, ila alisimama hatua moja mbali na meza, akamwomba mwenzake abonyeze vitufe.