Ubatizo Wenu Msiuuze

Katuba, Lubumbashi

Wajukuu wangu wapendwa,

Daktari amenieleza hali ya moyo wangu, nami nimemwelewa. Mambo ya nyumba na vyombo nimeshayamaliza na wazazi wenu, karatasi ziko kwa mkubwa wao. Barua hii ni yenu ninyi, mliobatizwa Pasaka hii na mliobatizwa uchangani ambao sasa mnatafuta kazi. Neno langu ni moja: ubatizo wenu msiuuze.

Wanunuzi wapo wengi, na huja kwa adabu. Wako Kasumbalesa, pale malori yanapopanga foleni kutoka Zambia. Wako ofisini, ambako faili haliondoki mezani bila matabishi, na chuoni, ambako alama zina bei. Hakuna atakayekuambia umkane Kristo. Atakuambia piga muhuri tu, watoto wako wale bukari.

Floribert Bwana Chui aliambiwa hivyo hivyo. Alikuwa mtoto wa Goma, amezaliwa 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika OCC, ofisi inayokagua bidhaa, ile ile ambako baadhi yenu mmepeleka maombi ya kazi. Uliletwa mpakani mchele ulioharibika. Wenye mzigo wakamtolea dola, akakataa; wakaongeza, akakataa tena. Julai 2007 alitekwa, akateswa, na tarehe 9 maiti yake ikapatikana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri kule Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo.

Angalieni vizuri alichokifia. Hakuna aliyemzuia kusali wala kwenda Misa. Alikufa kwa ajili ya mchele, yaani kwa ajili ya mama fulani ambaye angenunua kipimo kimoja sokoni, akawapikia watoto, wakaugua. Mama huyo Floribert hakumjua, na mama mwenyewe mpaka leo hajui kwamba kuna mtu alimkinga.

Mnaposikia neno utakatifu mnawaza masista na mapadri. Kweli, tunaye Sista Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Lakini siku kumi tu kabla ya kifo chake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetamka kwamba kila mbatizwa, awe nani, ameitwa kwenye utakatifu ule ule mmoja. Na Isidore Bakanja alikuwa mtumishi tu kwa Wabelgiji: alibatizwa 1906, akapigwa viboko kwa sababu ya skapulari shingoni, akafa 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifundisha kuliko mahubiri mengi. Usiku mmoja marehemu bibi yenu alimbatiza mtoto wa jirani, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Padri alikuwa mbali na mtoto alikuwa anabadilika rangi. Bibi aliomba maji, akaletewa katika kikombe cha plastiki. Akayamimina mara tatu juu ya ule utosi uliokuwa ukipigapiga, akitaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Alfajiri mtoto akafariki. Kanisa linafundisha kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, kwa hiyo ubatizo ule ulikuwa kamili, bila gauni jeupe, bila mpiga picha, bila katoni ya bia. Mtoto yule hakupata nafasi ya kutenda jema hata moja, na alikwenda akiwa mtakatifu.

Utakatifu, basi, tulipewa kwanza, bure, kabla hatujajua kunawa uso. Floribert pale mpakani hakuwa anautafuta. Alikuwa nao tangu siku ya maji, akakataa kuuachia.

Wala ubatizo hauondolewi kwa amri. Mwaka 1972 Rais Mobutu alitupokonya majina ya Kikristo. Kwenye kitambulisho changu jina la ubatizo likafutika, likabaki kitabuni parokiani. Tukaendelea kuitwa kwa majina ya mababu, na ubatizo haukupungua kitu. Leo majina yamerudi, kila duka lina jina la Biblia mlangoni, na ndani ya maduka hayo mizani inadanganya! Hilo linaniuma kuliko amri ya Mobutu. Askofu Mkuu wetu wa wakati ule, Kabanga, aliliona mapema. Mwaka 1976, humu humu Lubumbashi, alitoa barua ya kichungaji akiukemea ufisadi na tamaa ya fedha, wakati ambapo wenye vyeo wengi walikuwa kimya. Itafuteni muisome.

Mkipata watoto, msicheleweshe ubatizo kwa kungoja fedha za sherehe na vitenge vya sare. Na baba wa ubatizo msimchague kwa gari lake. Chagueni mtu atakayethubutu kumuuliza kijana wenu, miaka ishirini baadaye, mshahara huu umeupataje.

Najua mtu akikataa hongo hufukuzwa kazi, na ndugu zake ndio wa kwanza kumwita mjinga. Mara nyingi anayemwangusha mbatizwa si mwenye hongo, ni ukoo wake unaomsubiri nyumbani na mikono mitupu. Kwa hiyo naagiza, na baba zenu wametia sahihi: chumba cha uani kisipangishwe. Ni cha yeyote kati yenu atakayepoteza kazi kwa kukataa kuuza ubatizo wake. Atakaa humo na mke wake na watoto wake mpaka apate kazi nyingine, atakula chungu kimoja na wenye nyumba, na kodi ya vyumba viwili vya mbele italipa shule ya watoto wake. Ufunguo anao shangazi yenu.

Nkambo wenu