Gego la Sita

Kazi niliyoisomea Mbeya ni kung'oa, kuziba na kusafisha meno. Kazi niliyoifanya zaidi Mtanda, hapa Lindi mjini, ni kuzungumza na mabibi.

Wazazi wengi wako shambani kwenye mikorosho, au Dar es Salaam wanatafuta riziki, na mtoto analelewa na bibi yake. Anayeingia kliniki na mtoto mwenye shavu lililovimba ni bibi huyo, baada ya karafuu na maji ya chumvi kushindwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mng'oe tu hili, la utoto, litaota jingine."

Namfungua mtoto kinywa, nakuta jino ambalo halitaota tena maisha yake yote. Ni gego la kwanza la ukubwani. Linachomoza mtoto akifika miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, wala halisukumi jino lolote litoke. Wakati huohuo meno ya mbele yanalegea, nyumba nzima inashangilia mapengo na kurusha meno juu ya paa; huko nyuma hakuna anayetazama. Gego lenyewe lina mifereji myembamba juu, humo mabaki ya chakula hukaa na bakteria hugeuza sukari yake kuwa tindikali. Nimewaona wa darasa la tatu wakiwa wamebaki na mzizi.

Maelezo hayakutosha. Nikaanza kumwomba bibi anawe mikono, kisha apitishe kidole mwenyewe ndani ya kinywa cha mjukuu na kuhesabu kuanzia katikati kwenda nyuma. Meno ya utoto ni 20, yaani matano kila upande wa kila taya. Pengo nalo lihesabiwe. Kidole kikigusa la sita, ndilo hilo, na kuanzia siku hiyo lina haki ya mswaki wake.

Wengine walitaka kujua kwa nini basi tuhangaike na yale ya utoto. Swali zuri. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na ndiyo yanayoyawekea nafasi ya ukubwani; yakiwahi kutoka, jirani zake huinamia pengo, na ya ukubwani yakija yanabanana.

Msimu wa korosho niliujua bila kuuliza bei ya mnada. Fedha ikiingia, soda na pipi zinaingia nazo, na watoto wanashinda na ubuyu wa sukari mdomoni. Sikuwahi kuwakataza ubuyu. Anayemkataza mtoto wa pwani ubuyu hajui anaongea na nani. Nilisema uliwe kwa mkupuo, baada ya chakula, usimung'unywe kutwa nzima.

Kubwa kuliko hilo ni usiku. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Kwa hiyo mswaki wa mwisho uwe kabla ya kulala, na amsugue mtu mzima mpaka mtoto afike miaka 7 au 8. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, punje ya choroko kwa aliyezidi. Ateme tu, asisukutue. Hapo tuligombana sana, maana watu wetu kinywa kisichosukutuliwa hawakihesabu kuwa safi.

Lililonikasirisha ni meno ya plastiki. Kichanga anaharisha na kuchemka homa, mtu anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anauita jino la plastiki, anauchimbua kwa chuma. Ule uvimbe ni chonge changa. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na kuhara hakujatibiwa.

Matundu madogo niliyaziba bila mashine: kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha kujaza saruji inayotoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Mholanzi Jo Frencken alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Umeme ukikatika, kazi inaendelea, na mtoto hasikii ule mlio unaomtoa mbio.

Bibi mmoja alikuja akinilaumu kwamba nimemfundisha vibaya: amehesabu, amepata saba. Nikamtazama mjukuu. Alikuwa na miaka 12, na la saba lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia.