Ukakasi wa Mabibo

Gita la mjomba lilikuwa na nyuzi tano. Ule mnene wa sita ulikatika zamani, kwetu Narung'ombe hakukuwa na duka lililouza nyuzi, na kufunga safari ya Nachingwea mjini kwa ajili ya uzi mmoja ilikuwa anasa. Enzi hizo tulikuwa bado chini ya wilaya ya Nachingwea. Ruangwa, tuliko sasa, ilikuja kuwa wilaya mwaka 1995. Tulijaribu waya wa breki ya baiskeli, ukalia kama bawaba ya mlango, tukauchomoa.

Ulikuwa msimu wa korosho, katikati ya miaka ya 80. Kila jioni uani kwa bibi tulichoma korosho kwenye kipande cha debe, tukazibangua, na mafuta ya maganda yakanibabua ncha za vidole. Vidole hivyo hivyo ndivyo mjomba alivyovitaka.

"Mjomba, leo nakupa kodi ya wakubwa," aliniambia. Sisi huitana hivyo, yeye na mimi. Aliwahi kupiga gita kwenye bendi ya hoteli Dar es Salaam, huko ndiko alikoiokota kodi hiyo, yaani noti kadhaa za gita zinazolia kwa pamoja. Bibi, aliyesikia neno kodi tu, akauliza kutoka jikoni kama ile ya maendeleo haikutosha.

Kodi yenyewe hushikwa hivi. Kidole cha kati kinakaa freti ya saba, uzi wa tano: E. Cha shahada freti ya sita, uzi wa nne: G shapu. Cha pete freti ya saba, uzi wa tatu: D. Halafu kidole cha mwisho kinalala freti ya nane juu ya nyuzi mbili nyembamba, kinatoa G na C. Uzi wa sita hauna kazi, kwa hiyo gita letu bovu lilitosha kabisa. Ni ile ile E saba niliyoijua, ila B imepandishwa ikawa C, na G imewekwa juu wakati chini ipo G shapu. Majirani wawili wasiosalimiana.

Siku tatu C ilikufa chini ya lengelenge langu. Ya nne ikalia, na sikuipenda: kama kung'ata bibo bichi, ulimi mzima ukakasi. Nilikuwa mtoto wa redio, wa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilizoendelea kupigwa baada ya kifo chake mwaka 1979. Dansi letu liliweza kukesha na kodi tatu, na hadi leo sioni kasoro hapo. Sikujua kwamba mwaka 1967 Jimi Hendrix alishaipiga kodi hii kwenye Purple Haze, pungufu ya ile C tu.

Tulialikwa sherehe ya jando. Mjomba akaimba wimbo wa A maina, nami nikaichomeka kodi yangu, nikang'ang'ania hapo kwa majivuno. Wachezaji wakasita, mguu mmoja hewani.

Mjomba akainama sikioni kwangu. "Umefungua mlango, mjomba. Ingia basi!"

Nikaingia. G shapu ikapanda freti moja ikawa A, C ikabaki pale pale freti ya nane, na miguu ikashuka chini kwa pamoja. Lengelenge lilishapasuka, uzi wa kwanza ulikuwa unateleza kwa majimaji, na wimbo ulibakiza beti tatu.