Kazi Ndogo za Kila Siku

Hapa Yanonge, kando ya Mto Kongo, mgonjwa wa akili akitulia kidogo watu husema, "Amekwisha kupona, dawa za nini tena?" Ndugu yangu mkubwa aliyasikia maneno hayo. Akaacha vidonge, akakesha usiku akinywa lotoko pamoja na wenzake, na haukupita muda mrefu ugonjwa ukamrudia kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Maana magonjwa mengi ya akili hufanana na moto uliofunikwa na majivu: haujazimika. Dawa huutuliza, kukosa usingizi, pombe na bangi huuchochea. Tena Kisangani ni mbali, kilomita 60 hivi, na si jambo jepesi kumsafirisha mtu aliyezidiwa. Heri kumlinda nyumbani.

Sasa siku yake ina utaratibu. Huamka alfajiri, huoga, hufua shati lake, hula, ndipo humeza dawa. Kisha hulima mihogo mpaka jua liwe kali. Jioni hula sombe pamoja nasi, hulala mapema. Akianza kukataa kuoga, twajua hali yake inabadilika, nasi twamwita mwuguzi bila kukawia.

Ninyi wenye mgonjwa nyumbani, msimfanyie kila kitu kama mtoto mchanga. Mkumbusheni kwa upole, lakini maji ya kuoga ayachote mwenyewe. Anayeutunza mwili wake kila siku hutambua ya kuwa yeye bado ni mtu kati ya watu.